Kujikagua matiti nyumbani: tunatafuta nini, na tukikipata tunakwenda wapi?

Muuguzi wa Katuba

Ndugu zangu wa Lubumbashi na wengine mnaotusoma kutoka mbali, swali ninaloulizwa zaidi na akina mama katika kazi yangu haliulizwi wakati wa kupimwa, bali huulizwa mlangoni, mtu akiwa ameshaaga: "Mama, kuna kitu nakigusa hapa, je, ni kansa?" Ukitaka kujua kitu hicho kina muda gani, mara nyingi utajibiwa kwamba kilikuwepo tangu mvua za mwaka uliopita. Ndiyo maana nafungua uzi huu, na msimamo wangu nausema mapema: vidole vya mwanamke vinaweza kugundua kwamba kitu kimebadilika, lakini haviwezi kujua ni kitu gani, na huku kwetu kinachotuumiza zaidi si kukosa ufundi wa kujikagua, bali ni miezi inayopita kati ya kugusa kitu na kumwona daktari.

Tuanze na wakati. Mwanamke anayepata hedhi ajikague siku chache baada ya damu kukatika, yaani kati ya siku ya 7 na ya 10 tangu hedhi ilipoanza, kwa sababu kabla ya hapo matiti huvimba, huuma na hujaa vijinundu ambavyo hutoweka vyenyewe. Aliyekoma hedhi na mjamzito wachague tarehe moja ya mwezi wasiyoweza kuisahau. Anayenyonyesha asubiri mtoto ashibe kwanza, titi likiwa limelegea.

Kuangalia kunatangulia kugusa, na hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Vua nguo za juu, simama mbele ya kioo mchana, karibu na dirisha, wala usingojee usiku ambapo umeme unaweza kukatika wakati wowote. Kioo kidogo cha ukutani kinatosha, mradi usogee mpaka uone titi zima hadi kwapani. Tazama mikono ikiwa imening'inia. Kisha shika kiuno na ukibane kwa nguvu ili misuli ya kifua ikaze. Kisha inua mikono juu ya kichwa. Mwisho, inama kidogo mbele. Katika kila hatua unatafuta jambo ambalo halikuwepo: ngozi inayovutwa ndani kama vile kuna uzi unaoishika kwa chini, ngozi iliyonenepa na kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje miaka yote na sasa imeingia, kidonda au ukurutu wa chuchu usiopona kwa dawa ya kupaka, au titi moja lililogeuka kuwa jekundu na la moto. Kwamba titi la kushoto ni kubwa kuliko la kulia si ugonjwa, kwa kuwa wanawake wengi wako hivyo tangu ujana wao. Vilevile, chuchu iliyoingia ndani tangu kuvunja ungo ni maumbile.

Baada ya hapo lala chali, weka kikwembe kilichokunjwa chini ya bega la kulia na mkono wa kulia nyuma ya kichwa, ili titi litandazike juu ya kifua. Tumia vidole vitatu vya katikati vya mkono wa kushoto, na si ncha zake, bali ile sehemu ya nyama yenye alama za vidole. Zungusha duara ndogo mahali pale pale mara tatu: kwanza kwa kugusa ngozi tu, pili kwa kubonyeza kiasi, tatu kwa kubonyeza mpaka usikie mbavu, kisha sogea hatua ndogo bila kuinua vidole. Panda na kushuka kwa mistari iliyonyooka, kutoka mfupa wa mtulinga hadi chini ya mkunjo wa titi, na kutoka kwapani hadi mfupa wa katikati ya kifua. Sehemu ya juu inayoelekea kwapani uipe muda mrefu zaidi, kwa sababu karibu nusu ya saratani za titi huanzia huko. Kwapa lenyewe ulikague mkono ukiwa umeshushwa kidogo, maana ukiuinua sana misuli hukaza na kuficha tezi. Wengine huona ni rahisi zaidi kufanya haya wakati wa kuoga, vidole vikiwa na sabuni, na sioni ubaya wowote.

Sasa, mambo mawili yanayowatisha watu bure. La kwanza ni ule ukingo mgumu ulio chini ya titi, mahali linapokutana na kifua, ambao akina mama wengi, hasa wenye matiti makubwa, huugusa na kudhani ni uvimbe. La pili ni ubavu. Ukikuta kitu, kabla ya kulia, gusa mahali hapo hapo upande wa pili. Kama kule nako kipo vilevile, kwa kawaida ni mwili wako tu.

Kinachotia shaka ni kinundu kigumu, chenye kingo zisizo sawa, kisichoteleza chini ya vidole, na mara nyingi kisichouma. Kutouma ndiko kunakotudanganya, kwa sababu tumezoea kwamba ugonjwa ni maumivu, na mtu asiyeumwa huona aibu kupoteza siku yake ya soko kwa ajili ya daktari. Kwa mwanamke kijana, kinundu ambacho bado kipo baada ya hedhi inayofuata kionwe. Kwa aliyekoma hedhi, asingojee. Damu inayotoka kwenye chuchu bila kukamuliwa, mabadiliko ya ngozi, au tezi ngumu kwapani, nenda wiki hiyo hiyo.

Yaya wa Ruashi

Asante sana, Mama Muuguzi. Mimi ninauza samaki wakavu, na sisi wauzaji pesa yetu na simu yetu huwekwa kwenye sidiria, kwa sababu mfuko wa kikwembe unaibiwa. Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu unaosema kwamba noti chafu na mionzi ya simu huleta saratani ya titi. Pia naomba kuuliza: mdogo wangu ananyonyesha mtoto wa miezi minne, na titi lake moja lina donge gumu na limekuwa la moto. Mama mkwe wake anamkanda kwa majani ya moto na kusema ni maziwa yaliyoganda. Je, tumwache aendelee?

Muuguzi wa Katuba

Yaya, noti kwenye sidiria itakupa upele na jasho, labda na mwizi, lakini haileti saratani, na simu pia haijathibitishwa kuwa inaleta saratani ya titi. Ujumbe huo una madhara yake hata hivyo, kwa sababu asiyeweka pesa kifuani hudhani yuko salama.

Kuhusu mdogo wako, donge la mnyonyeshaji mara nyingi ni mfereji wa maziwa ulioziba au uambukizo, na mtoto aendelee kunyonya, kwa kuwa kunyonya kwenyewe hufungua njia. Kama ana homa, aonwe leo ili apewe dawa. Majani ya moto sana yaachwe, kwani nimeona ngozi iliyoungua juu ya titi lililokuwa tayari na shida yake. Lakini kuna jambo moja ambalo kila familia inapaswa kulijua: ipo aina ya saratani inayolifanya titi zima livimbe, liwe jekundu na la moto, bila donge la kushika, nayo hufanana na uambukizo mpaka muuguzi mwenyewe adanganyike. Kwa hiyo titi lisilorudi katika hali yake baada ya dozi kamili ya antibiotiki halihitaji dozi ya pili ya kubahatisha, linahitaji daktari na ekografia, yaani picha ya mawimbi ya sauti (ultrasound). Kuwa na maziwa hakumkingi mtu kabisa, ingawa kunyonyesha kunapunguza hatari: uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2002, uliokusanya tafiti za nchi nyingi, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa takriban asilimia 4.3.

Msomaji wa Golf

Mama Muuguzi, ninaheshimu kazi yako, ila nadhani uzi huu unahitaji upande wa pili. Utafiti mkubwa kuliko yote kuhusu jambo hili ulifanyika Shanghai miongoni mwa wanawake 266,064 waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vya nguo. Nusu walifundishwa kujikagua, wakakumbushwa na kusimamiwa kwa miaka, nusu nyingine hawakufundishwa. Matokeo ya mwisho yalitolewa 2002: waliofariki kwa saratani ya titi walikuwa 135 katika kundi lililofundishwa na 131 katika kundi lingine. Tofauti iliyoonekana ni kwamba waliofundishwa walikatwa vinyama vingi zaidi kwa ajili ya vinundu ambavyo havikuwa saratani. Hata chama cha saratani cha Marekani hakipendekezi tena kujikagua kwa utaratibu kama njia ya uchunguzi. Je, hatuwapi akina mama hofu ya kila mwezi bila faida, katika mji ambao ekografia moja inakula chakula cha wiki?

Muuguzi wa Katuba

Papa, takwimu zako ni sahihi, na ninafurahi umezileta, kwa sababu wahamasishaji wengi wa Oktoba, mwezi wa kampeni za saratani ya titi, huzificha. Shirika la Afya Duniani nalo halihesabu kujikagua kuwa uchunguzi unaopunguza vifo. Linakuona kama njia ya kumfanya mwanamke aujue mwili wake. Nami sikuandika popote kwamba asiyejikagua kila mwezi amejihukumu.

Ninachokisoma mimi katika Shanghai ni hiki. Wanawake wa makundi yote mawili walikuwa waajiriwa wenye mahali pa kutibiwa, na wale wasiofundishwa waligundua vinundu vyao pia, wakioga au wakivaa, wakaenda kutibiwa. Ufundi wa vidole haukuongeza kitu kwa watu ambao tayari walikuwa na njia. Sisi hapa, mwanamke anagusa kitu, anakwenda kwanza kwenye chumba cha maombi, kisha kwa munganga anayemwambia kuna jirani aliyemtupia bulozi, na anafika hospitalini titi likiwa limepasuka. Huyo hakukosa vidole. Alikosa mtu wa kumwambia kwamba kitu hicho kina daktari wake.

Ukitaka ushahidi unaotuhusu zaidi, tazama Mumbai, ambako wanawake 151,538 waligawanywa, na kundi moja likawa linakaguliwa matiti kila miaka miwili, kwa mikono, na wanawake wahudumu wa afya waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo ya miaka 20, yaliyotangazwa 2021, yalionyesha kwamba saratani ziligunduliwa zikiwa katika hatua za mapema zaidi, na kwa wanawake wa miaka 50 na zaidi vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya miaka 50 vifo havikupungua. Hakukuwa na mashine ya mamografia, yaani eksirei ya matiti, katika kazi hiyo. Kulikuwa na mikono iliyofundishwa. Kwa hiyo kama ningepewa fedha za mkoa mzima, nisingezitumia kuchapisha picha za kujikagua. Ningefundisha muuguzi mmoja katika kila kituo cha afya, kisha ningemwambia kila mama wa miaka 40 na kuendelea: unapokuja kwa shinikizo la damu, vua na nguo ya juu nikukague. Lakini fedha hizo sina, na mwanamke anayesoma hapa leo ana vidole vyake.

Binti wa Kamalondo

Nimesoma kimya, lakini jibu la Mama Muuguzi limenigusa. Mama yangu mkubwa aligundua kinundu mwenyewe, bila kufundishwa, na alikwenda mapema kuliko wengi. Katika kituo kimoja ambacho sitakitaja alipewa antibiotiki, kisha nyingine, kisha sindano, na hakuna aliyemwambia avue blauzi. Baadaye mahali pengine walimkata kinundu hicho kwa dawa ya ganzi, wakakiweka ndani ya glovu, wakamwonyesha na kumwambia, "Mama, tatizo lako ndilo hili, limekwisha." Glovu ilitupwa. Kovu lilipoanza kuvimba tena na tezi za kwapa kujitokeza, daktari mpya aliuliza kile cha kwanza kilikuwa nini, na hakuna aliyeweza kujibu. Kwa hiyo ninauliza: mgonjwa wa kawaida, asiye na ndugu daktari, angewezaje kujua kwamba anapaswa kudai kitu?

Muuguzi wa Katuba

Pole sana, mwanangu. Hili ulilolieleza ninalichukia kuliko uchelewaji wote, kwa kuwa mama alifanya sehemu yake.

Ninaomba kila anayesoma ashike sentensi moja ya kumwambia mpasuaji yeyote kabla ya kulala mezani: "Daktari, kitakachotolewa kitapelekwa maabara gani, na karatasi ya majibu nitaipata lini?" Hakuna kinundu cha titi kinachotolewa na kutupwa, hata kikionekana cheupe, laini na kisicho na hatia, kwa sababu macho hayatofautishi. Kinyama huwekwa kwenye kichupa chenye dawa iitwayo formalini, nyingi kuliko kinyama chenyewe, na huwekwa mapema, kabla hakijakauka. Kikiwekwa ndani ya maji au kikiachwa mezani hadi jioni, maabara haitakisoma vizuri. Kichupa kiandikwe jina, tarehe, na upande, kulia au kushoto. Mimi nimewahi kupokea kichupa kisicho na upande, na hapo mtu huanza kukisia.

Njia bora zaidi ni kutokata kinundu chote mwanzoni. Kwa kawaida daktari hukagua kwa mikono, kisha huomba picha, ambayo kwa wanawake walio chini ya miaka 40 huwa ni ekografia, kwa sababu nyama ya titi la kijana imeshikamana sana na mamografia haioni vizuri ndani yake. Kisha huchoma sindano nene inayotoa vipande vyembamba kwa ajili ya biopsi, yaani kupimwa maabara. Watu huogopa kwamba sindano itaamsha saratani na kuitawanya, na hofu hiyo imewaondoa wengi mezani. Haina msingi, na bila kipande hicho hakuna anayejua ni tiba gani inafaa. Maabara yenye uwezo hupima pia kama uvimbe unalishwa na homoni, kwa kuwa wenye aina hiyo hufaidika na vidonge kama tamoxifen, dawa ya zamani na ya bei nafuu ikilinganishwa na nyingine.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa saratani ya titi 2021, na katika malengo yake yapo matatu yanayokumbukwa kwa namba: asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, majibu yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike, na asilimia 80 wamalize tiba yao. Siku hizo 60 zinahesabiwa kwetu sisi wahudumu. Mama yako mkubwa alifika. Sisi ndio hatukufika.

Papa wa Kampemba

Mimi ni mwanamume na nimefanya kazi ya mgodi. Nina maswali mawili. Je, vumbi na moshi wa viwanda vya shaba vinaleta ugonjwa huu? Na mke wangu, ambaye ana kinundu, anakataa kwenda kwa sababu anasema watamkata titi na mimi nitamwacha. Nimemwambia sitamwacha, haniamini.

Muuguzi wa Katuba

Papa, vumbi la migodi lina kesi yake na mapafu, ila haliko miongoni mwa sababu zinazojulikana za saratani ya titi. Zinazojulikana ni umri, ndugu wa damu walioipata, hasa mama au dada, mabadiliko ya jeni ziitwazo BRCA1 na BRCA2, pombe, iwe bia au lutuku, na unene baada ya kukoma hedhi. Hata hivyo takriban nusu ya wagonjwa hawana sababu yoyote ya pekee zaidi ya kuwa wanawake waliovuka miaka 40. Wanaume nao huipata, kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya wagonjwa wote, na kwa kuwa titi lao ni dogo, kinundu nyuma ya chuchu hakina mahali pa kujificha, usikidharau.

Kuhusu mama watoto, mwambie kwanza kwamba vinundu vingi vya titi si saratani, na kwamba hakuna anayekatwa titi siku ya kwanza. Kama ni saratani na bado ni ndogo, inawezekana kutoa uvimbe na kuacha titi, lakini upasuaji huo kwa kawaida hufuatiwa na tiba ya mionzi, na pasipo na mionzi madaktari wengi huona ni salama zaidi kuondoa titi lote. Nisingependa kumficha hilo. Usimwahidi tena kwa maneno; vaa, mchukue, kaa naye kwenye benchi, na ingia naye kwa daktari akikuruhusu. Akina mama wanaoletwa na waume zao husikiliza maelezo wakiwa wametulia zaidi, na huwa na mtu wa pili wa kukumbuka yaliyosemwa.

Mwalimu wa Kenya

Ninafundisha wasichana wa sekondari hapa mtaani Kenya, Lubumbashi, na mmoja wa miaka 17 ameniambia kwa siri kwamba ana kitu kinachotelezateleza chini ya vidole. Je, inafaa kuwafundisha wasichana kujikagua?

Muuguzi wa Katuba

Mwalimu, kitu cha mviringo kinachokimbia kidole kwa msichana wa umri huo karibu kila mara ni fibroadenoma, uvimbe usio saratani. Aonwe na afanyiwe ekografia mara moja ili awe na amani, na mara nyingi huachwa na kuangaliwa tu. Wasichana nisingewapa kazi ya kila mwezi. Ningewafundisha dalili, ili wawapelekee mama zao, maana mama ndiye aliye katika hatari zaidi ya kuugua.

Yaya wa Ruashi

Mama, la mwisho. Majirani wanasema mionzi wanaifuata Zambia. Mtu akiambiwa aende huko, ajiandaeje?

Muuguzi wa Katuba

Wapo wanaokwenda katika Hospitali ya Magonjwa ya Saratani ya Lusaka, iliyofunguliwa 2007, wakipitia mpakani Kasumbalesa, ambako ni kilomita 90 hivi kutoka hapa. Kabla ya kupanda gari, mpigie simu daktari wa huko au mwambie daktari wako aulize kama mashine inafanya kazi na foleni ni ya muda gani, kwa sababu kulala Lusaka bila tarehe ya tiba kunamaliza pesa ya tiba yenyewe. Beba majibu ya biopsi ya asili, picha zote pamoja na maelezo yake, karatasi ya upasuaji kama ulifanyika, na orodha ya dawa ulizotumia. Omba maabara ikupe pia kile kipande cha nta chenye kinyama chako, maana huko watataka kukisoma upya, nacho ukifunge kwenye karatasi na kukiweka mbali na jua. Ripoti zetu zimeandikwa kwa Kifaransa na wao wanafanya kazi kwa Kiingereza, kwa hiyo zitafsiriwe hapa hapa, na nakala moja ya kila karatasi ibaki nyumbani kwa mtu anayejua kusoma.